Zana za Kale Zisizotambulika: Namna ya Kujua Kazi Zake na Kuyaokoa Majina Yake

Makala haya yanahusu jambo linaloonekana dogo, lakini lenye uzito mkubwa katika kazi ya istilahi: tufanye nini tunapokikuta chombo cha kazi cha zamani, nasi hatujui kilitumiwa kwa kazi gani wala kiliitwaje? Mwalimu hukutana na jambo hili anapoletewa darasani kitu kilichotolewa darini kwa babu wa mwanafunzi. Mtumishi wa Serikali hukutana nalo anapoandika orodha ya mali. Mfasiri naye hukutana nalo katika vitabu vya safari na vya ufundi, ambamo neno moja la kigeni huweza kusimama mahali pa vyombo vitano, na kila kimoja kina jina lake kamili kwa Kiswahili. Aghalabu wote watatu hupita njia moja. Huandika "kifaa cha mbao" au "kifaa cha chuma", wakaendelea na kazi.

Neno kifaa halina kosa lolote. Walakini kila linapoandikwa mahali pa jina halisi, hasara huwa mara mbili. Kwanza, jina lenyewe hukaribia kusahauliwa. Pili, baada ya muda hutokea mtu mwingine, mwenye nia njema kabisa, akaunda istilahi mpya kwa kitu ambacho lugha ilikwisha kukipa jina zamani. Utaratibu wetu wa kuunda istilahi unasema kwamba tuanze kutafuta ndani ya Kiswahili chenyewe na lahaja zake, ndipo tuziendee lugha nyingine za Kibantu, na baadaye lugha za mbali. Utaratibu huo ni mzuri, lakini hauwezi kufuatwa na mtu asiyejua kitu alicho nacho mkononi ni nini. Kukitambua kitu ndiyo hatua ya kwanza ya kukitaja.

1. Kisa cha kipande cha mti

Miaka kadhaa iliyopita niliombwa kusahihisha lugha ya vijikaratasi vya maelezo katika mkusanyiko mdogo wa vitu vya kale kwenye mji mmoja wa pwani. Miongoni mwa vitu hivyo kilikuwamo kipande cha mti mgumu, cha mviringo, unene wake wa kuenea kiganjani. Upande mmoja kilikuwa na tundu lisilotokea upande wa pili. Kijikaratasi chake kilisema: "Kinu kidogo cha kutwangia dawa." Sarufi ilikuwa sahihi, nami nilikuwa tayari kukipitisha.

Lililonizuia ni lile tundu. Kinu hutwangwa, na chini yake huwa na makovu ya mchi. Tundu hili halikuwa na kovu hata moja. Lilikuwa jembamba kuliko kidole cha shahada, kuta zake zimeng'aa, na ukitazama vizuri uliona mistari myembamba iliyozunguka mle ndani, mmoja juu ya mwingine. Kwa nje, mti ulikuwa umelainika pale tu ambapo kiganja hukaa. Kwa hiyo mambo mawili yalikuwa dhahiri: kitu hiki kilishikwa kwa mkono, na ndani yake kilizunguka kitu kingine.

Nilikichukua nikakipeleka kwa mzee mmoja aliyekuwa fundi wa majahazi, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kuacha kazi. Baada ya kuamkiana na kuulizana hali nilimpa. Alikigeuza mara moja, akakikalisha katika kiganja cha kushoto, kiganja kikiwa kimeinama, na mkono wake wa kulia ukaanza kwenda na kurudi hewani kama wa mtu apigaye zeze.

"Mwanangu," alisema, "hili ni jivu. Uta wake uko wapi?"

Mimi nililijua neno jivu kwa maana ya kile kinachobaki moto unapozimika. Nikauliza, "Jivu, mzee?"

"Jivu la kekee. Hukuona kekee hata siku moja?"

Nilikuwa nimeiona, tena mara nyingi, lakini ikiwa nzima. Sikuwahi kukiona kiungo chake kimoja kikiwa peke yake.

2. Kekee na viungo vyake

Kekee, ambayo wengine huiandika keekee, ni chombo cha kutobolea mbao. Kina sehemu nne, na kamusi za zamani za Kiswahili, ikiwamo ile iliyotungwa chini ya usimamizi wa Frederick Johnson na kutolewa mwaka 1939, zimezihifadhi zote. Chuma chenye ncha kinachokula mti ndicho hasa kiitwacho kekee. Kijiti cha mviringo kilichoshikilia chuma hicho huitwa msukano. Kishikio cha juu, ambacho ncha ya msukano huzunguka ndani yake, huitwa jivu. Na kile kijiti kirefu chenye kamba kinachouzungusha msukano huitwa uta.

Kazi yake ni hii. Kamba ya uta huzungushwa mara moja katika msukano. Fundi huisimamisha ncha ya chuma mahali panapotakiwa tundu, hulikandamiza jivu kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili huusukuma na kuuvuta uta. Msukano huzunguka upande mmoja, kisha upande wa pili, na chuma huzama kidogo kidogo. Katika uundaji wa jahazi kazi hii haina mwisho, kwa sababu msumari mrefu ukipigiliwa katika ubao mgumu bila kutanguliwa na tundu huupasua ubao. Hata mtepe, chombo kile cha kale ambacho mbao zake zilishonwa kwa kamba badala ya kupigiliwa misumari, ulihitaji matundu ya kupitishia hizo kamba.

Tuyatazame sasa majina yenyewe kwa jicho la mwanaistilahi. Jivu lina maana nyingine ijulikanayo na kila mtu. Uta watu huujua kuwa ni silaha ya kutupia mishale. Kekee ni pia jina la aina ya bangili. Ni msukano peke yake usiomdanganya mtu, ingawa nao hufanana na usukani. Basi mfasiri akikutana na sentensi isemayo kwamba fundi "alilishika jivu akavuta uta", naye hajui habari ya kekee, ataona picha ya ajabu: mtu aliyechota majivu jikoni kisha akaenda kuwinda. Asilaumiwe sana. Kosa ni letu sote tulioliacha jambo hili lijulikane na mafundi peke yao.

Kisa hiki kinatufundisha kanuni ya kwanza: chombo kisichotambulika mara nyingi ni kiungo cha chombo kinachotambulika. Kabla ya kuuliza "hiki ni nini?", yafaa kuuliza "hiki kilikuwa pamoja na nini?"

3. Mambo ya kuangalia

Mtu asiye fundi aweza kufika mbali sana kwa kukitazama kitu kwa utaratibu. Yafuatayo ndiyo mambo makuu.

(a) Uchakavu. Chombo huandika historia yake katika mwili wake. Kilichopigwa kwa nyundo huwa na kichwa kilichobabatika na kumwagika kandokando. Kilichopigwa kwa gongo la mti huwa na mpini uliochanika nyuzi. Kilichozungushwa huwa na mistari ya mviringo, na kilichosuguliwa huwa na mistari inyookayo upande mmoja. Sehemu isiyo na uchakavu nayo hutoa ushahidi, kwa kuwa inaonyesha mahali ambapo kazi haikufika.

(b) Mahali pa mkono. Kitu kilichoshikwa kwa miaka mingi hulainika na kuwa cheusi kwa jasho na mafuta ya ngozi. Tukijua mkono ulikaa wapi, tunajua upande upi ulimwelekea mfanyakazi na upi uliielekea kazi. Tukijua kwamba palishikwa kwa mikono miwili, tunajua kwamba nguvu nyingi zilihitajika.

(c) Makali, na namna yalivyoelekea. Shoka na tezo hutofautiana kwa jambo hili. Makali ya shoka hufuata mwelekeo wa mpini. Makali ya tezo huukingama mpini, kama ya jembe. Sehemu nyingi za bara mhunzi alifua bapa la chuma lenye mkia mwembamba, na mkia ule ukapenyezwa katika kichwa cha mpini. Bapa la namna hiyo likipatikana bila mpini, si rahisi kusema kama lilikuwa la shoka au la tezo, kwa kuwa kulikata gogo au kulichonga kulitegemea lilivyogeuzwa katika mpini. Mwenye kuandika orodha hana budi kusema hivyo waziwazi, wala asichague moja kwa kubahatisha.

Jambo la makali linanikumbusha patasi. Katika lugha nyingi za Ulaya neno moja hutumika kwa jamii nzima ya vyombo hivi, na wafasiri wetu wamezoea kulifasiri kila mara kwa neno patasi. Lakini mafundi wa Kiswahili hutofautisha. Patasi ni ile ya kawaida ya seremala, yenye makali mapana yaliyonyooka. Juba ni nene na nyembamba, ya kuchimbia matundu ya kuungia mbao. Bobari ina makali ya mviringo, ya kuchimbia mifereji. Tindo ni ya kukatia chuma, na jina lake lina shina moja na kitenzi kutinda, yaani kukata. Chembeu nayo ni butu, ni ya kukalafatia chombo, yaani kushindilia pamba katika nafasi zilizo kati ya mbao ili maji yasiingie.

Zingatia hilo neno butu. Chembeu haikusudiwi kukata. Ikikata, huharibu kazi, kwa sababu huzikata nyuzi za pamba badala ya kuzisukuma ndani. Niliwahi kuiona karakana ya shule moja ambayo ilikuwa imepewa sanduku la vyombo vya marehemu fundi wa majahazi. Chembeu zilizokuwamo zilidhaniwa kuwa patasi zilizokwisha makali. Wanafunzi waliamriwa kuzinoa, nao walizinoa vizuri mno. Baada ya kazi ile hapakuwa na patasi, kwa sababu chuma chake hakikufuliwa kwa ajili ya kukata, wala hapakuwa tena na chembeu. Tofauti ya jina moja ilitosha kuyaokoa yale masanduku ya miaka arobaini ya kazi ya mtu.

(d) Vipimo. Wakati mwingine kitu hujieleza kwa kiasi kinachochukua. Vikombe vya mti vya mviringo, visivyo na mkono, huandikwa katika orodha nyingi kuwa ni vya kunywea. Huenda ikawa kweli, lakini kabla ya kuandika hivyo chukua mchele ukapime. Zamani nafaka iliuzwa kwa kujaza chombo: vibaba viwili hufanya kisaga kimoja, na visaga viwili hufanya pishi moja, yaani vibaba vinne. Ukiwa na vyombo vitatu vilivyopatikana mahali pamoja, na cha pili kikachukua mara mbili ya cha kwanza, na cha tatu mara mbili ya cha pili, basi huna vikombe vya kunywea. Una duka.

(e) Mahali kilipopatikana na vitu kilivyoandamana navyo. Kipande cha chuma kilichopindika, chepesi na chenye makali sana, kikipatikana katika nyumba iliyo kati ya minazi chaweza kuwa kotama, kisu cha mgema wa tembo. Hicho hicho kikipatikana mbali na minazi, kwenye mashamba ya nafaka, tutafikiri kwanza mundu. Kwa sababu hii ni kosa kubwa kukitoa kitu mahali pake bila kuandika kilitoka wapi.

4. Ushahidi uliomo katika jina

Yapo mambo ambayo chombo hakiyasemi, lakini jina lake huyasema. Tuchukue kitenzi kufua. Maana yake ya msingi ni kupiga au kubamiza, nasi twasema kufua nguo, kufua chuma na kufua nazi. Kutokana na shina hili tunapata fuawe, chuma kizito ambacho mhunzi hukiweka chini na kufulia vyuma vingine juu yake. Tunapata pia kifuo, kijiti kilichochongoka, kinachosimikwa ardhini ili nazi ibamizwe juu yake na kuvuliwa makumbi. Mtu akikiona kifuo kimeng'olewa na kulazwa katika chumba cha makumbusho, atakidhani mkuki usio na chuma au mambo ya kufungia mbuzi. Lakini akilijua jina, na akaikumbuka maana ya kufua, fumbo limefumbuka. Hapa tena mfasiri ajihadhari: kifuo si kifua, na mpiga chapa hukosea kwa herufi moja tu.

Lugha yetu ina njia nyingine za kuunda majina ya vyombo kutokana na vitenzi, nazo zasaidia sana. Kufyeka hutoa fyekeo. Kuchuja hutoa chujio. Kuchekecha hutoa chekecheo. Kufunika hutoa kifuniko. Kuziba hutoa kizibo. Ukisikia jina geni lenye umbo la namna hiyo, litafute shina lake, na mara nyingi utaiona kazi. Hali kadhalika majina yaliyotoka nje husimulia njia ambayo ufundi ulipitia. Parafujo lilitoka kwa Wareno. Randa na cherehe yana asili katika Kiajemi, na cherehe, jiwe la kunolea linalozunguka, ni ndugu wa cherehani, kwa sababu vyote viwili huendeshwa kwa gurudumu.

Hata hivyo jina laweza pia kumpoteza mtu. Hakuna mfano ulio mzuri kuliko mbuzi. Mwenyeji wa pwani hahitaji kuelezwa kwamba mbuzi ni kibao cha kukalia, ambacho mbele yake hutokeza ulimi wa chuma wenye meno, wa kukunia nazi. Mgeni akikiona kimekunjwa hudhani ni kigoda, na hushangaa kwa nini kigoda kina meno. Na akilisikia jina, hushangaa zaidi. Hapo sarufi ndiyo humwokoa msomaji: "mbuzi yangu imevunjika" ni habari ya jikoni, na "mbuzi wangu amevunjika mguu" ni habari ya zizini. Mwalimu atakayelifundisha jambo hili dogo atakuwa amefundisha upatanisho wa sarufi na historia ya jiko kwa somo moja. Nasi tusidhani kwamba somo hilo si la lazima. Watoto wengi wa mijini leo huliona tui likitoka katika kopo au mfuko, na kwao mbuzi ya nazi imekwisha kuwa kitu cha kale.

5. Kuuliza kabla ya kuchelewa, na kuandika pasipo wa kuulizwa

Ushahidi wa macho na wa jina una mwisho wake. Baada ya hapo hapana njia ila kuuliza. Mfano mzuri unatoka Buhaya, magharibi mwa Ziwa Viktoria. Katika sehemu zile huchimbuliwa vipande vya mabomba ya udongo yaliyoungua, mabaki ya matanuri ya kale ya kuyeyushia chuma. Katika miaka ya 1970 mtaalamu wa mambo ya kale Peter Schmidt aliwaendea wazee waliopata kuifanya kazi hiyo ujanani mwao na ambao walikuwa wameiacha kwa miaka mingi. Wazee hao walijenga tanuri upya, wakavukuta, wakayeyusha. Mwaka 1978 Schmidt pamoja na Donald Avery, mtaalamu wa madini, walitoa maelezo ya kazi hiyo katika jarida la sayansi la Marekani. Walieleza kwamba mabomba yale yaliingizwa ndani kabisa ya tanuri, hata hewa ikapata joto kabla ya kuufikia mkaa. Kipande cha udongo kilichoungua hakingelieleza hayo peke yake. Mikono ya wazee ndiyo iliyoeleza, na kama wangeliulizwa miaka ishirini baadaye, wengi wao wasingelikuwapo.

Je, pakiwa hapana wa kuulizwa? Huko Tumbe, katika kisiwa cha Pemba, Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher walichimbua mji wa karne ya 7 hadi ya 10, wakakuta kwa wingi usio wa kawaida vigae vya vyungu vilivyochimbika mifuo mirefu. Vigae vya namna hiyo vimepatikana pia katika miji mingine ya kale ya pwani. Wataalamu huvieleza kuwa ni visagio vya shanga: vipande vya kombe vilitobolewa, vikatungwa katika uzi, kisha vikasuguliwa katika mfuo mpaka vikawa mviringo. Ni maelezo yenye nguvu, yanayopatana na umbo la mifuo yenyewe. Lakini hapana mzee wa Tumbe ya karne ya 8 wa kuyathibitisha.

Hapa mwanaistilahi anayo nafasi yake ya pekee, nayo ni nafasi ya uaminifu. Yako majina ya aina mbili. Jina la kazi hueleza kitu kilifanya nini. Jina la umbo hueleza kitu kilivyo. Ukikiita kitu "kisagio cha shanga" umekwisha kuhukumu, na kila atakayeisoma istilahi hiyo atapokea hukumu pamoja na jina. Ukikiita "kigae chenye mfuo" umesema tu yale ambayo macho yanaona, na mlango wa utafiti umebaki wazi. Kanuni ninayoipendekeza ni nyepesi: pale kazi inapojulikana kwa ushahidi wa mtu aliyeifanya, au kwa ushahidi mwingine usio na shaka, tutumie jina la kazi. Pale kazi inapodhaniwa, jina la umbo litangulie, na dhana iandikwe katika maelezo. Mfasiri anayekutana na jina la kazi katika lugha ya kigeni atalifasiri kama lilivyo, kwa kuwa si haki yake kubadili maneno ya mwandishi; lakini mwenye kuandika orodha kwa Kiswahili ana hiari, na aitumie.

Kile "kinu kidogo cha kutwangia dawa" kilikuwa ni jina la kazi lililotolewa pasipo ushahidi. Kisingeliitwa hivyo ila "kipande cha mti chenye tundu", pasingelikuwa na uongo wowote, na fumbo lingeliendelea kumngojea wa kulifumbua.

6. Mapendekezo

Kwa hiyo ninapendekeza kwamba kila atakayekuta chombo asichokijua, badala ya kuandika "kifaa" na kunyamaza, aandike mambo saba katika karatasi moja. (1) Umbo, nyenzo na vipimo vyake kwa sentimita. (2) Alama za uchakavu na mahali pa mkono. (3) Mahali kilipopatikana na vitu kilivyoandamana navyo. (4) Jina lake kwa lahaja au lugha ya mahali hapo, kama lilivyotamkwa, pamoja na wingi wake na upatanisho wake wa sarufi. (5) Majina ya sehemu zake, moja moja. (6) Vitenzi vinavyotumika pamoja nacho, kwa maana fundi "hukalafati" kwa chembeu na "hukuna" kwa mbuzi, na istilahi isiyo na kitenzi chake ni nusu istilahi. (7) Nani aliyeeleza, umri wake na kazi yake, na kama aliifanya kazi hiyo mwenyewe au aliiona tu.

Kwa mfano, karatasi ya kitu tulichoanza nacho ingesomeka hivi: "Jivu la kekee. Kishikio cha mti mgumu, chenye tundu lisilotokea, ambamo ncha ya msukano huzunguka. Tundu limeng'aa, lina mistari ya mviringo. Nje kumelainika kwa kiganja. Viungo vingine: kekee, msukano, uta. Kitenzi: kutoboa. Limeelezwa na fundi wa majahazi aliyelitumia mwenyewe." Ni maneno machache, nayo yametosha kurudisha kinu kuwa kekee.

Walimu wanaweza kuifanya kazi hii kuwa zoezi la darasa: kila mwanafunzi alete jina la chombo kimoja kutoka kwa mzee wa nyumbani kwao, pamoja na majina ya sehemu zake. Watumishi wa Serikali wanaoshughulika na orodha za mali na makumbusho wanaweza kuifungasha karatasi hii katika daftari zao. Wafasiri nao, kabla ya kuandika patasi, na waulize: patasi ipi?

Lazima niseme jambo la mwisho, ambalo si la fahari kwangu. Siku ile nilipopeleka lile jivu, mzee aliniambia kwamba randa nayo ina majina ya viungo vyake, na msumeno hali kadhalika, na kwamba niende siku yenye nafasi nikae niandike. Niliahidi. Mwaka uliofuata nilipokwenda na daftari, walinipokea wanawe, wakanionyesha mahali alipozikwa. Sanduku lake la vyombo lilikuwapo, na kila chombo kilikuwa mahali pake. Wanawe, ambao hawakufuata kazi ya baba yao, walikitoa kimoja kimoja na kuniuliza mimi kiliitwaje.

Wazee wetu walisema kuuliza si ujinga. Na tuongeze kwamba kuuliza kuna wakati wake, na kwa vyombo vingi vilivyolala katika madari na maghala yetu, wakati huo ni sasa.